Usalama Wetu na Haki ya Jirani

Katika mikutano ya wazee na waalimu wa sharika swali moja huja tena na tena, na mara nyingi huulizwa kwa hasira kuliko kwa kutaka kujua. Husemwa hivi: Wauaji hawa waitwao magaidi, ambao huua wanawake na watoto wala hawajali sheria yo yote, mbona Serikali iwashike kwa sheria? Kwa nini wapewe mawakili na majaji na siku za kusikilizwa, hali wao hawakumpa mtu ye yote nafasi ya kusema neno moja? Swali hili halifai kudharauliwa, maana aulizaye mara nyingi ni mtu aliyefiwa, au mwenye mtoto anayesoma mbali. Nataka tulitazame kwa taratibu. Na kwa kuwa maneno ya jumla hayamsaidii mtu, nitachukua habari za nchi moja, yaani jirani zetu wa Kenya, na mambo yaliyotokea huko tangu mwaka 2013 hata 2015.

Kwanza tuyataje maovu yenyewe, kwa maana mtu anenaye habari za haki bila kuwataja waliokufa hunena maneno mepesi. Tarehe 21 Septemba 2013, siku ya Jumamosi, watu wenye bunduki waliingia katika nyumba ya maduka mengi iitwayo Westgate, mjini Nairobi, wakaua watu 67. Machi 23, 2014, Jumapili, watu walipigwa risasi katika kanisa la Likoni, Mombasa, hali wamo katika ibada. Novemba 22 mwaka ule ule, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani alfajiri. Abiria wakaamriwa kutamka shahada ya Kiislamu, na wale wasioiweza wakatengwa na wenzao, wakauawa watu 28. Wengi wao walikuwa waalimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, usiku, wachimba mawe 36 wakauawa karibu na mji ule ule wa Mandera.

Nasi wa Tanzania hatuwezi kusema kwamba hayo ni ya mbali. Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam kwa asubuhi moja. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam 11. Na Mei 5, 2013, bomu lilitupwa kanisani kwa ndugu zetu Wakatoliki, Olasiti, katika mji wa Arusha, siku ya sikukuu yao. Watu wakafa na wengi wakajeruhiwa. Basi anayesoma karatasi hii asidhani kwamba mwandishi ni mtu aliyesahau hayo.

Serikali ya Kenya ilifanya lile ambalo kila serikali iliyotishwa hulifanya, yaani ilitunga sheria. Desemba 18, 2014, Bunge lilipitisha sheria moja iliyobadili sheria nyingine zaidi ya 20 kwa mara moja. Siku ile wabunge walishikana mashati, maji yakamwagwa, karatasi zikachanwa. Na kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi. Mimi huogopa kidogo sheria iliyopitishwa katika makelele, hata kama maneno yake ni mazuri, maana mtu hawezi kupima kitu mkono ukitetemeka.

Sheria ile ilisema nini? Ilisema mambo mengi, na si yote yaliyokuwa mabaya. Lakini yalikuwamo haya: kwamba atakayechapisha au kutangaza picha za waliokufa au waliojeruhiwa, ambazo huenda zikawatia watu hofu, aweza kutozwa shilingi milioni tano au kufungwa miaka mitatu, au yote mawili, kwamba wenye kushitaki waweza kumficha mshitakiwa baadhi ya ushahidi walio nao juu yake, kwamba haki ya mshitakiwa ya kunyamaza ipunguzwe, na kwamba wakimbizi katika Kenya nzima wasizidi 150,000. Wakati ule wakimbizi walikuwa zaidi ya laki tano, wengi wao katika kambi za Dadaab zilizoanza mwaka 1991, na wengi sana walikuwa watu waliowakimbia wauaji wale wale. Fungu lile halikusema hao waliozidi waende wapi. Labda aliyeliandika hakujiuliza.

Watu wa upinzani, na tume ya haki za binadamu ya nchi ile, walikwenda Mahakama Kuu kulalamika. Majaji watano wakaketi pamoja, na tarehe 23 Februari 2015 wakatoa hukumu. Walifuta mafungu manane, na hayo manne niliyoyataja yalikuwamo. Mengine mengi waliyaacha yasimame. Hata yale yanayoruhusu Serikali kusikiliza mazungumzo ya watu katika simu ili kuzuia mauaji, kwa sharti zilizowekwa. Hawakusema kwamba Serikali isijilinde. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba haki nyingine zaweza kupunguzwa kwa sababu ya maana, na kwamba anayetaka kuzipunguza ndiye apaswaye kuonyesha sababu hiyo, na kuonyesha kwamba hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hiyo. Na haki chache imeziweka mbali kabisa, zisiguswe kwa sababu yo yote: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, asinyimwe hukumu ya haki, wala asizuiwe kuletwa mbele ya hakimu ili ijulikane kwamba yu hai na kwa nini ameshikwa.

Sasa nirudie swali letu. Watu husema kwamba jambo hili ni mizani: upande mmoja uhuru, upande wa pili usalama, na mwenye busara huondoa kidogo huku ili aongeze kidogo kule. Mfano huu husemwa na watu wenye elimu nyingi, wala sina neno juu ya elimu yao. Lakini nina neno juu ya mizani yenyewe. Sokoni, anunuaye unga hutoa fedha iliyo yake, na unga huuchukua yeye. Katika jambo hili mara nyingi mtu huweka juu ya mizani uhuru wa mwenzake, kisha usalama huuchukua kwenda nao nyumbani kwake. Mtu wa namna hiyo ni mwepesi sana kusema kwamba bei si kubwa.

Tazameni yaliyotokea Nairobi mwezi wa Aprili 2014, miezi minane kabla ya sheria ile. Mabomu yalikuwa yamelipuka katika mtaa wa Eastleigh, ambako Wasomali wengi hukaa na kufanya biashara, na watu sita walikufa. Nao wenyeji wa mtaa ndio waliokuwa wa kwanza kulia. Kisha polisi wakaanza msako mkubwa. Waliingia katika nyumba usiku, wakawachukua watu kwa maelfu, wakawapeleka katika uwanja wa michezo wa Kasarani, wakawaweka huko wakati wa kuchunguza karatasi zao. Wengine walikuwa wakimbizi. Wengine walikuwa raia wa Kenya tangu kuzaliwa, na vitambulisho vyao mkononi, ila nyuso zao ni za Kisomali. Wengi walieleza kwamba walidaiwa fedha ili waachiliwe. Baraza lililowekwa na sheria kuangalia kazi ya polisi lilichunguza, na katika mwaka ule ule likatoa taarifa kwamba katika msako ule Katiba haikufuatwa. Katiba ile yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kazi inayofuata.

Je, Mkikuyu wa Kiambu alitoa nini katika siku zile? Mjaluo wa Kisumu je? Wao hawakugongewa mlango. Wengine walisoma magazeti wakashukuru kwamba Serikali inafanya kazi. Siwalaumu kuliko ninavyotulaumu sisi sote, maana ndivyo ilivyo: mlango usiogongwa hausikii. Ninalolisema ni hili tu, kwamba msitumie neno “sisi” mahali pasipofaa. Wanaposema, “Sisi tumekubali kupunguziwa uhuru wetu,” ulizeni kwanza ni nani aliyepunguziwa, na kama ndiye aliyekubali.

Hata hapo mwenye swali atanijibu, “Mwalimu, hata ikiwa ni hivyo, afadhali maelfu walale uwanjani wiki mbili kuliko watoto kuuawa.” Jibu hili lina nguvu. Kama ingekuwa kweli kwamba kuwalaza watu Kasarani kunazuia watoto wasiuawe, mtu angetafuta maneno kwa shida. Lakini yatupasa kuuliza kama ni kweli. Na hapa sharti tuiangalie haki katika kazi yake, si katika sura yake.

Liko shauri moja la zamani ambalo wasomaji wetu wote wanalijua, ila labda hawajalitazama kwa njia hii. Paulo aliposhikwa Yerusalemu, jemadari wa Kirumi Klaudio Lisia alimfunga kwa minyororo miwili kabla ya kujua ni nani. Kwa nini? Kwa sababu alidhani amempata yule Mmisri aliyefanya fitina na kuwaongoza wauaji elfu nne kwenda jangwani. Wauaji hao walikuwa watu wa majambia, waliochoma watu kwa siri katikati ya makutano ya sikukuu, kisha wakajificha katika makutano yale yale. Kwa maneno ya siku hizi tungesema jemadari alidhani ameshika mkubwa wa magaidi. Akaamuru aulizwe kwa kupigwa mijeledi. Mtu alikwisha kufungwa kwa kamba tayari kupigwa, ndipo akauliza kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Na wale waliokuwa tayari kumpiga wakamwacha mara.

Fikirini kama pasingalikuwa na sheria ile. Paulo angalipigwa hata akiri lo lote, maana mtu apigwaye husema lile ambalo mpigaji ataka kusikia. Jemadari angaliandika barua kwa mkubwa wake kwamba Mmisri amepatikana. Watu wa mji wangalilala kwa amani, na Mmisri wa kweli angali yuko nje. Sheria iliyomzuia jemadari haikumwokoa Paulo peke yake; ilimzuia jemadari mwenyewe asijidanganye. Kuulizwa kosa, kuletwa mbele ya hakimu, kuonyeshwa ushahidi na kupewa nafasi ya kuujibu, hayo watu huyaona kama zawadi anayopewa mwovu. Mimi nayaona kama macho ya Serikali. Ndiyo njia ambayo mtawala hujua kama aliyemshika ndiye au siye. Akiyafumba macho hayo kwa ajili ya haraka, hawi na nguvu zaidi. Huwa kipofu mwenye nguvu. (Na kwa njia ya pembeni: someni barua ambayo jemadari yule aliandika baadaye kwa liwali, mwone jinsi alivyopanga habari ionekane kana kwamba alimwokoa Paulo kwa sababu alijua mbele kuwa ni Mrumi. Minyororo na mijeledi hakuitaja. Taarifa za wakubwa zilikuwa hivyo tangu zamani.)

Lakini neno moja katika habari ile lanichoma. Paulo aliponea kwa sababu alikuwa Mrumi. Myahudi wa mashambani asiye na uraia ule angalipigwa siku ile ile, wala hakuna mtu ambaye angaliogopa. Sheria ile ilikuwa nzuri ila mlango wake ulikuwa mwembamba. Nasi tunaosema kwamba watu wote wameumbwa na Mungu mmoja hatuwezi kuridhika na haki inayouliza kwanza karatasi ya mtu, halafu uso wake, ndipo ikaamua kama mijeledi yafaa.

Shauri lile lina upande wa pili, nao nausema ili mtu asidhani kwamba namtaka askari aketi mikono kifuani. Siku chache baadaye watu zaidi ya arobaini walikula kiapo kumwua Paulo njiani. Mwana wa umbu lake akasikia, akaenda ngomeni, akaeleza. Jemadari akamsikiliza kijana yule kwa siri, akamwonya asimwambie mtu, na usiku ule ule akatoa askari 200, na wapanda farasi 70, na wenye mikuki 200, kumpeleka mtu mmoja Kaisaria. Hiyo ndiyo Serikali inayolinda. Ilitumia siri, ilitumia silaha, ilitumia haraka. Wala haikumnyima mtu haki yake. Basi si kweli kwamba anayetaka haki ya mshitakiwa achukia upelelezi. Mpelelezi mwema na hakimu mwema ni watu wa nyumba moja.

Angalieni pia habari zile zilitoka wapi: kwa kijana aliyethubutu kwenda ngomeni, akiamini kwamba atasikilizwa wala hatafungwa yeye. Hapa nirudi Kenya, maana kuna jambo linalofanana nalo na lina uchungu mwingi.

Aprili 2, 2015, Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, wiki chache tu baada ya hukumu ile ya majaji, watu wanne wenye bunduki waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Waliwatenga Wakristo, wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Wapo waliosema, “Mnaona? Majaji wamefuta mafungu ya sheria, na matunda yake ni haya.” Neno hili lilisemwa kwa majonzi, na majonzi yana haki ya kusema vibaya. Ila sisi tulio mbali kidogo tuangalie. Ni fungu lipi kati ya yale manane lingaliwazuia watu wanne kuingia Garissa? Lile la picha katika magazeti? Lile la kumficha mshitakiwa ushahidi, hali hapakuwa na mshitakiwa? Yaliyokosekana yalikuwa mengine. Habari za hatari zilikuwa zimetangulia, na vyuo vingine vilikuwa vimewaonya wanafunzi wao. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa Nairobi, na saa nyingi zilipita kabla hakijafika. Waandishi wa magazeti waliotoka Nairobi walifika mbele yao. Hakuna haki ya mshitakiwa iliyoizuia ndege isiruke.

Na zaidi: mmoja wa wauaji wale alikuwa kijana Mkenya, aliyesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Baba huyo, alipoona mwanawe amepotea, alikuwa amekwisha kwenda kuwaarifu wakubwa. Huyu ni mzee Mwislamu, Msomali, mwenye uso ule ule wa waliolazwa Kasarani. Naye alimtaja mwanawe mwenyewe kwa Serikali. Habari ya namna hii haipatikani kwa msako wala kwa mijeledi. Hupatikana pale tu ambapo baba aamini kwamba mwanawe akishikwa ataulizwa kwa haki, wala hataonekana siku ya tatu amekufa porini. Baba akikosa imani hiyo atanyamaza, na ninyi nyote wenye watoto mwajua kwamba atanyamaza. Kila nyumba inayovunjwa mlango bila sababu huziba vinywa vya nyumba kumi zilizo jirani, na katika vinywa vile ndimo ilimo habari ya bomu la kesho.

Neno la Garissa lisitufiche jingine. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, katika wilaya ile ile ya Mandera, basi lilisimamishwa tena, na wauaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa, na abiria wakasema wauawe wote pamoja au waachwe wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika kukataa huko, na mwezi wa Januari 2016 akafa hospitali mjini Nairobi. Watu wa Westlands na wa Kiambu walimlilia kwa haki. Yeye hakulinda kabila lake wala dini yake.

Sasa kuhusu mambo ninayoyakubali. Nakubali kwamba Serikali ipeleleze, na ya kwamba upelelezi hauwezi kufanywa kwa tarumbeta. Nakubali simu ya mtu isikilizwe, jaji akiisha kuona sababu. Nakubali kwamba shahidi ambaye maisha yake yamo hatarini afichwe jina mbele ya watu. Nakubali nikaguliwe mfuko wangu nikiingia kanisani. Hilo ni jambo dogo, na linatuhusu wote sawasawa, Askofu na mfagiaji. Kipimo changu ni hicho: mzigo unaobebwa na wote huwa mwepesi kuuamini, na wakubwa wanaobeba pamoja nasi watautua siku usipohitajiwa. Mzigo unaobebwa na mtaa mmoja tu hausikiwi na anayeutwika, kwa hiyo hana sababu ya kuutua.

Kuna na jambo la siku. Sheria za hofu huja kwa muda, lakini huondoka kwa shida. Wazee wa Kenya wakumbuka Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya Mau Mau, Serikali ya Kiingereza ilipouzingira mji wa Nairobi, ikawatenga Wakikuyu na Waembu na Wameru, ikawaweka kizuizini watu zaidi ya elfu ishirini. Mtu alisimamishwa mbele ya mwingine aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho, naye huyo akitikisa kichwa tu, shauri limekwisha. Hakuna aliyemjua mshitaki wake. Hali ya Hatari ilikwisha mwaka 1960. Lakini desturi ya kumfunga mtu bila hukumu haikuzikwa pamoja nayo. Kenya huru iliweka sheria yake ya kizuizini mwaka 1966, ikafunga waandishi na wabunge na waalimu kwa miaka mingi. Gari lilibadilishwa dereva tu. Na Juni 2013, miezi mitatu kabla ya Westgate, Serikali ya Uingereza ilisema kwamba inasikitika kwa mateso ya wakati ule, ikakubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa. Wanaosema kwamba mateso ni njia ya mkato waitazame hesabu hiyo, na waone ilifika baada ya miaka mingapi.

Tanzania nasi tuna sheria yetu ya kuzuia ugaidi, ya mwaka 2002, na makosa yake hayana dhamana. Masheikh wa kikundi cha Uamsho cha Zanzibar walikaa mahabusu chini ya mashitaka ya ugaidi kwa miaka mingi. Juni 2021 mashitaka yakaondolewa, wakarudi kwao. Mimi si mtetezi wa mafundisho yao, na baadhi ya maneno yaliyohubiriwa katika mikutano yao yalituudhi sisi Wakristo. Lakini kama walikuwa na hatia, mbona hawakuhukumiwa? Na kama hawakuwa na hatia, ni nani atakayewarudishia miaka ile? Swali hili lina pande mbili tu, na kila upande unaishitaki Serikali. Feliki liwali alimweka Paulo miaka miwili bila kukata shauri, akitumaini kupewa fedha, tena akitaka kuwapendeza watu. Hakumwua wala hakumpiga. Alimwacha tu, na hiyo ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote ya kumdhulumu mtu, kwa sababu hakuna siku moja ambayo mtawala aweza kusema, “Leo nimefanya vibaya.”

Nimesikia Wakristo wakifurahi kwamba masheikh wale wamefungwa. Hao niwaulize neno la kufikiri: sheria iliyoandikwa haina jina la dini ndani yake. Neno “ugaidi” katika vitabu vya sheria limeelezwa kwa upana mkubwa, na anayelishika mkononi ni yule aliye na madaraka leo. Kesho atakuwa mwingine, na labda mhubiri atakayemwudhi atakuwa amevaa kanzu nyeupe kama yangu.

Basi mwalimu wa usharika afanye nini? Kwanza, akisikia habari ya kweli ya watu wanaotaka kumwaga damu, aende akaseme, kama kijana yule alivyokwenda ngomeni. Asingoje mkutano wa wazee. Aseme aliyoyaona kwa macho na aliyoyasikia kwa masikio, wala asiongeze jina la mtu aliyekosana naye shambani, maana hofu ni wakati mzuri sana wa kulipa visasi vya mipaka, na sote twajua.

Na mtu wa kijiji akichukuliwa usiku, awe Mkristo au Mwislamu, mwalimu aandike siku na saa, na namba ya gari ikionekana, na majina ya walioshuhudia. Mama wa kijana akienda peke yake kituo cha polisi, yaelekea ataambiwa arudi kesho, na kesho ataambiwa hivyo hivyo. Akienda na mwalimu wa usharika na mzee wa msikiti, wote watatu na karatasi ile mkononi, bila matusi na bila kelele, wakiuliza tu mtoto yuko wapi na atafikishwa lini kwa hakimu, askari wa zamu atafungua kitabu.

Mchungaji